Unataka kucheza tamthilia na unakaa Bagamoyo? Anza na daftari

Kila mwaka tamasha la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo, likikaribia vijana wananifuata, wengine wanakuja mpaka nyumbani, dada nishike mkono na mimi nataka kuonekana kwenye tamthilia. Nawapenda sana hao vijana na nimeona bora niandike yote kwa pamoja, maana nikimweleza mmoja mmoja kila mara kuna kitu nasahau. Mimi ni mtoto wa hapa hapa Bagamoyo, nimecheza tamthilia tatu, mbili nafasi ndogo na moja nafasi kubwa ya yule mke aliyemtilia mama mkwe sumu, na mengi nimeyajua kwa kuumia kwanza.

Elewa kazi yenyewe ikoje. Filamu unashuti wiki mbili tatu umemaliza, unarudi kwenu. Tamthilia unakaa na mtu mmoja, huyo mhusika wako, miezi na miezi, unalala nae unaamka nae. Wenzetu wa Mexico ambao telenovela zao zimezunguka dunia nzima, nyingi zinakwenda episodi mia na kitu, zinarushwa siku tano za wiki alafu zinaisha kabisa, ndo tofauti na zile tamthilia za Kizungu ambazo mtu anazikuta akiwa mtoto na anakuja kuzeeka bado zipo. Sasa kitu cha kurusha kila siku lazima ushuti haraka, mwigizaji anapiga sini, yani vipande vya hadithi, ishirini na zaidi kwa siku moja, na Televisa, kampuni kubwa ya televisheni ya huko Mexico, wana utaratibu wa kuwawekea waigizaji kifaa kidogo sikioni wanakiita chícharo, yani njegere, kuna mtu pembeni anawasomea maneno na wao wanayasema. Sisi huku njegere hatuna, tuna kichwa na simu, nitaeleza mbele hapo.

Lakini ukiniuliza kitu kimoja tu cha kumwambia mtu anayeanza, sitamwambia kukariri wala kulia wala kuwa mzuri wa sura. Nitamwambia jifunze kutokujua. Tamthilia yote ni siri, nani anajua nini na nani hajajua bado, mtoto wa nani, barua iko wapi, nani alikuwa mlangoni akasikia. Wewe umesoma skripti unajua yote, mhusika wako hajui, na kamera inaona kabisa kama unajua.

Nilivyojifunza ni hivi. Tulikodi nyumba moja Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, ile yenye mlango wa kuchonga na baraza ya mawe, na kwa kuwa nyumba ni ya kulipia kwa siku basi sini zote za sebuleni zinapigwa siku hiyo hiyo, za episodi ya 4, ya 7, ya 11, zimechanganywa kufuatana na mwanga. Tukaanza na ya 11, hapo nimeshagundua wifi yangu ndo anayepeleka maneno kwa mama yake, nikamwakia kweli kweli, dairekta akafurahi. Nusu saa baadae nimebadilishwa dera, tunapiga ya 7, namkaribisha wifi huyo huyo chai, tunacheka. Teki ya kwanza, yani kurekodi mara ya kwanza, dairekta akakata, ya pili akakata, ya tatu akanifuata mpaka nilipokaa akachuchumaa akaniambia taratibu, dada, mbona unamimina chai kama mtu unayemdai? Nikaangalia kikombe kwenye klipu. Kweli, birika nimelishika kwa ngumi na jicho langu liko kwa wifi, siyo kwenye chai. Mtu unayempenda ukimmiminia chai macho yako yanaangalia chai isije ikammwagikia. Maneno nilikuwa nimeyasema yote vizuri kabisa.

Usiku ule nikanunua daftari. Hili la kawaida la shule, kubwa kidogo, nikalichora mistari, na toka siku hiyo sijawahi kwenda lokesheni bila hilo. Kila sini ninayopewa naandika hivi: namba ya episodi na ya sini, ni mchana au usiku, natoka wapi na nilikuwa nafanya nini kabla sijaingia, alafu mstari wa NAJUA, na chini yake kwa wino mwekundu mstari wa SIJUI. Kwenye SIJUI ndo naandika kwa urefu. Sijui kama wifi ananichoma. Sijui kama mume wangu ana mtoto Tanga. Sijui kama chupa imeonekana. Kabla ya akshen nasoma huo mwekundu tu, huo mwingine siuhitaji, utakuja wenyewe.

Mstari wa mwisho ni wa mwili. Nywele zimesukwaje, pete iko mkono gani, kitambaa kimefungwa upande upi, kikombe mkono wa kulia au wa kushoto, jasho lipo au halipo. Ni kazi ya mtu wa kontinyuti hiyo, yule anayeangalia sini moja ifanane na inayofuata, najua, na yeye anapiga picha, lakini mtu wa kontinyuti ana waigizaji kumi na wewe una mmoja. Nilishawahi kuingia mlangoni Bagamoyo na nikatokea jikoni Dar wiki tatu baadae, kwa mtazamaji ni hatua mbili tu. Mtandio ulikuwa bega la kushoto na ncha imefungiwa hela. Hakuna aliyekuwa anakumbuka ile ncha ila daftari.

Kama unataka kuona jambo hili likifanywa na bingwa tafuta La usurpadora ya Mexico ya 1998, yule Gabriela Spanic kutoka Venezuela anacheza pacha wawili, Paola na Paulina, na tabu siyo kucheza watu wawili, tabu ni pale Paulina anapoingia nyumba ya watu kujifanya ndo Paola. Hapo kuna mtu juu ya mtu. Anatakiwa aseme maneno ya Paola huku ndani hajui vyumba vya nyumba ile viko wapi wala nani kazoea kumwita vipi. Mwangalie anavyotembea tu. Zima sauti ndo utaona vizuri zaidi.

Kukariri

Chukua simu, rekodi maneno ya mwenzio peke yake, na kila sehemu yako acha kimya cha kutosha wewe kusema. Soma kwa sauti bapa bila hisia yoyote, kama mtu anasoma risiti. Alafu vaa spika za masikioni, panda gari la Dar, ni kama kilomita 70 na foleni yake ukishaingia kule Bunju na Tegeta unaijua, mpaka ufike umeshajibizana na simu mara kumi. Hisia usizikariri nakuomba, ukizikariri nyumbani utakuja nazo zimeshapoa na mwenzio akibadilisha kidogo tu unapotea. Kariri maneno, na kariri lile neno la mwisho la mwenzio linalokuita wewe uongee. Maneno yakibadilishwa asubuhi pale pale lokesheni, na yatabadilishwa maana mwandishi nae anaandika huku mnashuti, usigombane nae, omba dakika kumi kaa pembeni uyaandike kwa mkono. Mkono unakumbuka.

Kusoma uigizaji

Sisi watu wa Bagamoyo tuna bahati ambayo wengine wanasafiri siku mbili kuifuata. Chuo kipo toka 1981, kikaitwa Chuo cha Sanaa, kikaja kuwa TaSUBa 2007, tamasha lenyewe lilianza 1982 na mpaka leo watu wanatoka nje ya nchi kuja kuangalia. Kama una vyeti vyako nenda ukaombe astashahada au stashahada, kama huna hela au muda uliza kozi fupi, na kama hata hizo huwezi basi nenda kaangalie maonyesho, kaa nyuma kabisa uone nani anasikika na nani hasikiki. Pale utafundishwa sauti, mwili, ngoma, kukaa jukwaani.

Ila ujue jukwaa na kamera ni vitu viwili. Jukwaani unatuma sauti mpaka kwa bibi aliyekaa mwisho, kwenye kamera bibi huyo amekaa kwenye pua yako. Mimi ilinichukua miezi kupunguza. Jaribu hivi, jirekodi kwa simu ukisema sentensi moja kwa mtu aliye upande wa pili wa barabara, alafu iseme kwa mtoto uliyempakata, hiyo ya pili ndo ya tamthilia. Na ufukweni kuna upepo, mtu wa sauti atateseka na wewe ukipandisha teki moja ukashusha nyingine, shika kiwango kimoja. Na maiki ile ndogo ya kifuani ukishawekewa ndani ya nguo usijipige kifua ukilia jamani, kila pigo linasikika kama mlango unagongwa, na kilio chako chote kitarudiwa.

Kuhusu kulia

Hili wananiuliza kuliko yote. Wengine wanapaka Vicks chini ya jicho, siyo ndani, chini, ukiingiza ndani utaumia na siku yako ya kazi imeisha. Siwakatazi, ukiwa umelia teki tano mwili unakauka na msaada unahitajika. Ila mimi huwa sitafuti machozi. Natafuta kitu ambacho huyu mwanamke hataki watu wakione, nakishikilia nisikitoe, na huko kushikilia ndo kunakoleta maji. Angalia mtu msibani, sizungumzii yule anayejigaragaza, angalia yule mtoto mkubwa wa marehemu anayepanga viti na kuuliza kama sukari imetosha. Huyo ndo mwangalie mdomo wake.

Alafu kuna jambo la kikazi kabisa ambalo hakuna aliyeniambia. Sini moja inapigwa kwa mbali, inapigwa kwa kati, inapigwa kwa karibu, na kila moja teki kadhaa. Muulize dairekta mapema kwa heshima, leo tunaanzia mbali au karibu? Kama anaanzia mbali usimalize machozi yako huko, huko mtu anaona mabega tu. Weka akiba. Nimeona dada mmoja analia mbali mpaka watu wa taa wakalia nae, ilipofika karibu jicho kavu kama kifuu, na ilikuwa sini yake kubwa kuliko zote.

Usaili

Nenda umeoga, umevaa nguo ya rangi moja isiyo na maandishi, na umefika mapema. Ukipewa karatasi kwanza tafuta siri, nani hapa anaficha nini, cheza hiyo. Ukiambiwa rudia kwa namna nyingine maana yake siyo umekosea, wanaangalia kama unaelekezeka. Basi.

Anayekwambia lipa hela ndo upewe nafasi, huyo hana tamthilia. Na anayekwambia nafasi ipo ila tukutane gesti tuongee, jueni kwamba hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa kwa sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, TAKUKURU wana namba ya bure 113. Nawaambia wadogo zangu wa kike na wa kiume pia. Usaili wa kweli unafanyika mchana, kuna watu zaidi ya mmoja, na ruksa kuja na mtu wako akakusubiri nje. Mimi usaili wa kwanza nilienda na mama mdogo, alikaa nje na kikapu chake mpaka nikamaliza na hakuna aliyemuuliza.

Karatasi

Hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanapoumia na wanaacha sanaa.

Tamthilia yangu ya kwanza nililipwa nusu. Nusu ya pili niliambiwa kazi ikiuzwa, kazi ikauzwa, ikarushwa, nikaiangalia kwa jirani, hela sijaiona mpaka leo, na nilichokuwa nacho mkononi ni voisi za WhatsApp tu, na zenyewe simu ikaibiwa. Sitaki na wewe upite huko. Kabla hujaweka nywele zako kwa mtu wa mekapu uwe umesaini karatasi na nakala unayo wewe.

Iandikwe unalipwa kwa nini, kwa sini, kwa siku, kwa episodi au kwa mwezi, na lini, tarehe, siyo "baadae". Kwa mwezi ni kuzuri kwa kulala usingizi lakini uliza mwezi usio na shuti inakuwaje. Iandikwe nauli na malazi, na hii kwa sisi tunaotoka Bagamoyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana shuti ikiisha saa tano usiku Mbezi huko gari la kurudi hamna, na bodaboda usiku ule ni hatari tupu, basi ama wakupeleke ama wakulaze, iandikwe. Iandikwe kama wamekufunga usicheze kwingine, na kama wamekufunga ni kwa muda gani na wanakulipa nini kwa huko kukufunga. Iandikwe kama picha yako inaweza kutumika kwenye tangazo la sabuni. Iandikwe marudio, na kazi ikiuzwa chaneli nyingine au nchi nyingine wewe unapata nini. Na iandikwe mhusika wako akiuawa kabla ya wakati unalipwaje, maana kwenye tamthilia kifo kinaweza kuja wiki ijayo kwa sababu tu bajeti imekatwa.

Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, siyo mwandishi na mwimbaji peke yao, COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, wapo kwa ajili hiyo, nenda ukaulize hata kabla hujapata tatizo. Na prodakshen yoyote inatakiwa iwe na kibali cha Bodi ya Filamu ndo ishuti, kuuliza kibali siyo utovu wa adabu, sema tu kaka samahani naomba kuona kibali chetu. Mwenye nacho anakuonyesha na anakuheshimu. Chukua TIN pia, namba ya mlipa kodi, kampuni zinazojielewa zinakata kodi ya zuio na wanataka namba yako, na wewe omba karatasi ya kukatwa kwako.

Hela ikiingia usihame nyumba. Ikiisha tamthilia unaweza kukaa miezi nane bila simu. Mimi napanga hela yangu kama mvuvi anavyopanga, bahari ikichafuka wiki mbili watoto wanakula nini. Na katikati kuna kazi za sauti, tamthilia za kigeni zinawekewa Kiswahili, toka ile ya Kichina ya Doudou iliyorushwa TBC 2011 mpaka hizi za Kituruki za Azam, na Kiswahili chetu cha pwani kinatafutwa huko. Unakaa kwenye kachumba na hedifoni unafuatisha mdomo wa mtu wa Istanbul. Inafundisha pumzi kuliko darasa lolote nililopita.

Mtaani

Ikishaanza kurushwa maisha yako yanabadilika na hakuna anayekuandaa. Episodi ya sumu ilirushwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikaenda soko la samaki kama kawaida, nikamwamkia mama mmoja ambaye nanunua kwake toka nasoma shule ya msingi, shikamoo mama. Hakuitikia. Akachukua kipande cha gazeti akafunika samaki wake. Nikasema mama naomba vibua vya elfu tatu. Akasema mimi samaki wangu siwauzii watu wanaotilia wenzao sumu. Nikadhani ni utani, nikacheka, akaninyooshea kidole, unacheka? Yule mama mkwe wako alikukosea nini?

Nikarudi nyumbani mikono mitupu, niliumia sana siku hiyo na sikujua nimwambie nini. Jumamosi nikamchukua mama yangu tukaenda wote. Yule mama akamwangalia mama, akaniangalia mimi, akauliza, huyu ni wako? Mama akasema wangu, wa tatu, yule unayemwona usiku ni kazi kapewa. Kimya. Akafunua gazeti, akanihesabia vibua, akaongeza viwili juu, akasema lakini yule mwanamke mwambie aache.

Kwa hiyo fanya hivi, kabla haijarushwa kaa na watu wako uwaambie utakachofanya, sumu, kuzini, kupiga mtoto, chochote. Mwambie mume au mke wako sini ya kitandani ilipigwaje, kulikuwa na watu kumi na wawili na feni kelele. Waambie wazazi kabla jirani hajawaambia. Nenda shule kwa mwalimu wa mwanao, maana watoto wenzie watamwita mtoto wa mchawi. Na ukichukiwa barabarani usijibu kwa maneno ya kujitetea, salimia, uliza hali za nyumbani, wape sauti yako ya kweli waisikie. Mitandaoni mimi sisomi komenti usiku. Nasoma asubuhi baada ya kunywa chai, na matusi nayafuta bila kujibu.

Siku mhusika wako akiondoka

Wangu aliondoka episodi ya 86, gari lilidumbukia mto Ruvu, mwili haukuonekana. Nililia usiku ule kweli, mtu nimekaa nae mwaka mzima. Wewe siku hiyo rudisha nguo za watu zote kwa orodha, ulizia malipo yaliyobaki ukiwa bado pale pale, omba klipu zako tatu nzuri za kuonyesha kwenye usaili unaokuja, washukuru watu wa taa na wa chakula kwa majina yao. Alafu nywele usizikate kwanza, na daftari usilitupe.

Miezi minne baadae nilikuwa nakuna nazi simu ikaita, ni dairekta, akauliza dada bado una pete ile? Nikamwambia niliirudisha, iko kwenye orodha, ila alama yake bado iko kidoleni. Akasema basi jiandae, mtoni ulitoka. Nikanawa mikono nikatoa daftari sandukuni nikafungua ukurasa wa mwisho, sini ya garini, nikasoma ule mstari mwekundu niliokuwa nimeandika kabla ya gari kuanguka: sijui kama mama mkwe hajafa.